Bendera ya Mwingereza, Duka la Mgeni: Historia ya Biashara Busia na Tororo



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu wanafunzi, leo tunawaletea makala ya historia kuhusu sehemu ambayo wengi wetu tunaipita tu tukiwa ndani ya basi la Kampala, tukashuka kugongewa muhuri kisha tukaendelea na safari. Nayo ni mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia na Tororo.

Shuleni watoto hufundishwa kuwa Mwingereza alizitawala nchi hizi na faida yake ikaenda kwao Uingereza. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Mkulima wa pamba wa Bukedi katika mwaka 1930 angeweza kumaliza msimu mzima bila kuzungumza na Mwingereza hata mmoja. Aliyempimia pamba yake kwa kawaida hakuwa Mwingereza. Aliyemuuzia chumvi, sabuni, jembe na mafuta ya taa hakuwa Mwingereza. Na kitambaa alichovaa, mara nyingi hakikufumwa Uingereza. Bendera ilikuwa ya mmoja, na duka lilikuwa la mwingine.

Je, wageni hawa walikuwa nani? Walipataje faida ndani ya dola isiyokuwa yao? Na hesabu ilipofungwa, ni nani aliyelipa? Maswali haya yanatuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee. Wafanyabiashara wengi kati ya hao walikuwa Waislamu, na mtawala aliyekuja kuwafukuza alikuwa Muislamu pia. Kwa hiyo hii si habari ya watu wengine.

NJIA ILITANGULIA MPAKA

Kabla ya Mwingereza kufika, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imeshaizoea njia ya kwenda Buganda kupitia Mumias, makao ya ufalme wa Wawanga chini ya Nabongo Mumia. Misafara ilipeleka nguo, shanga na nyaya, ikarudi na pembe za ndovu. Kutokana na misafara hiyo Uislamu ulipata mizizi Mumias, na mpaka leo mji huo ni kitovu cha Waislamu wa magharibi ya Kenya. Hilo tunalisimulia kwa furaha. Lakini katika bidhaa za biashara ya misafara walikuwamo pia binadamu waliouzwa utumwani, na hilo nalo ni lazima tulisimulie. Historia ikisimuliwa nusu huwa imepunjwa vipimo.

Hata wakati huo, aliyepata faida hakuwa mwenye dola peke yake. Pwani ilitawaliwa na Masultani wa Zanzibar, lakini ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikodishwa kwa miaka mingi kwa jumba la biashara la Jairam Shivji, lenye asili ya Kutch, India. Nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani, nchi iliyotiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Kwa hiyo desturi ya mgeni kuchuma chini ya bendera ya mwingine haikuletwa na Mwingereza. Yeye aliikuta, akaitanua na kuiwekea sheria.

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Uganda, na mwaka 1895 juu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Katika miaka hiyo ya 1890 ilichongwa barabara ya mikokoteni ya ng'ombe, maarufu kwa majina ya Mackinnon na Sclater, yenye urefu wa kilomita 965 hivi kutoka Mombasa hadi Busia. Wakati huo Busia haikuwa mpakani. Himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi karibu na Naivasha. Ilipofika Aprili 1902, serikali ya Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa upande wa pili. Wasamia na Waiteso wakajikuta na ndugu huku na ndugu kule bila mtu hata mmoja kuhama nyumba yake.

RELI NA WALIOILISHA

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa mwaka 1901 ukafika Kisumu kwenye ziwa. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka India walikuwa takriban 32,000. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na wasiopata 7,000 ndio waliobaki Afrika Mashariki. Tunataja hesabu hizi kwa sababu watu wengi hudhani kila mwenye duka alikuwa kibarua wa reli. Sivyo. Wenye maduka wengi walikuja kwa nauli zao, kutoka Gujarat na Kutch, wakiitwa na jamaa waliotangulia.

Aliyepewa kandarasi ya kuleta wafanyakazi na kuwalisha alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora kutoka Karachi. Utajiri wake ulitoka moja kwa moja katika kazi za dola ya Mwingereza. Ni yeye aliyeanzisha gazeti mjini Mombasa mwaka 1902, gazeti ambalo baada ya kuuzwa lilikuja kuwa East African Standard.

Lakini kwa upande wa Uganda jina kubwa kuliko yote ni la Allidina Visram, Ismailia kutoka Kutch. Alivuka bahari akiwa kijana, akajifunza kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akiipatia misafara bidhaa na wapagazi. Baadaye alijitegemea, akafungua duka Mombasa, kisha akaifuata reli kituo kwa kituo, na kutoka ziwani akaingia Uganda. Alikuwa na makumi ya matawi. Pahali pasipokuwa na benki, maafisa wa serikali walitumia maduka yake kupata fedha na kuzihamisha. Tafakari jambo hilo: serikali yenye jeshi na bendera ilitegemea daftari la mfanyabiashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dola ile ilikuwa na bunduki nyingi kuliko madaftari. Visram alifariki mwaka 1916, na shule ya sekondari iliyojengwa Mombasa kwa kumbukumbu yake bado inasomesha vijana.

KODI, PAMBA NA MIZANI

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Faida ilipatikanaje hasa?

Kwanza ni kodi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na kodi za namna hiyo zikaenezwa baadaye hadi mashariki. Bukedi, eneo lenye Tororo, lilitiwa chini ya utawala kwa msaada wa Semei Kakungulu, jemadari Mganda, pamoja na maajenti wake. Mwananchi aliyekuwa na ng'ombe, mtama na ndizi lakini hana sarafu, sasa alilazimika kuitafuta sarafu. Na sarafu yenyewe ilikuwa rupia ya India, ambayo ndiyo fedha halali ya nchi hizi iliyotumika hadi mwaka 1920. Mwenye duka aliyekuwa na jamaa zake Bombay hakuhitaji kubadilisha fedha wala kujifunza hesabu mpya.

Pili ni pamba. Mbegu zililetwa mwaka 1903 na 1904, na msimu wa mwanzo Uganda ilisafirisha marobota 54 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa ikisafirisha zaidi ya marobota 300,000 kwa mwaka. Mkoa wa Mashariki, yaani Busoga, Bukedi na Teso, ukawa nguzo kubwa ya zao hilo. Reli mpya iliyopitia Eldoret ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kutoka Tororo tawi lilikwenda Mbale hadi Soroti. Mji uliokaa chini ya ule mwamba mrefu ukawa njia panda ya pamba.

Tatu ni leseni, na hapa ndipo penye siri. Mkulima hakuruhusiwa kumuuzia pamba mtu yeyote mahali popote. Aliuza katika soko lililowekwa, kwa mnunuzi mwenye leseni. Kiwanda cha kuchambua pamba nacho kilihitaji leseni na mtaji mkubwa. Viwanda vingi vilikuwa mikononi mwa kampuni za Kihindi zilizokuwa na mikopo kutoka Bombay. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wenye viwanda waliungana katika vyama vya ununuzi ili wasishindane kwa bei. Kisha mwaka 1933 serikali ikaigawa nchi katika kanda, na pamba ya kanda moja ikazuiwa kupelekwa kanda nyingine. Mwingereza alisema amefanya hivyo kuleta utaratibu. Kwa mkulima maana yake ilikuwa moja: bei ya mnunuzi wa kwako ndiyo bei.

Juu ya hayo kulikuwa na malalamiko ya mizani. Mkulima amebeba gunia kichwani tangu alfajiri, hajui kusoma, na mbele yake yupo karani anayesoma mshale. Jioni ile ile alihitaji fedha ya kodi, na mara nyingi alikuwa na deni katika duka la mnunuzi huyo huyo. Wapo wenye maduka waliokuwa waaminifu, waliokopesha wakati wa njaa na kusubiri mavuno, na wazee waliwakumbuka kwa heri. Lakini mpangilio wenyewe ulimpa mnunuzi nafasi ya kupunja na ukamnyima muuzaji nafasi ya kuondoka.

Pamoja na hayo, tusimsahau mwenye dola. Serikali ilitoza ushuru kwa pamba iliyosafirishwa. Wakati wa vita vikuu vya pili na baada yake ilinunua kwa bei ya chini kuliko ya soko la dunia, ikaweka tofauti katika mfuko iliosema ni wa kuwasaidia wakulima bei itakapoanguka, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye miradi ya serikali. Mkulima alikatwa mara mbili. Lakini mkato wa mizani aliuona kwa macho yake, na mkato wa serikali ulifanyika kwenye makaratasi asiyoyaona. Ndiyo maana hasira yake ilielekea dukani.

MJAPANI ASIYEPANDIKA BENDERA

Kisa cha ajabu zaidi ni cha Wajapani. Wahindi angalau walihesabiwa kuwa raia au watu wa himaya ya Mfalme wa Uingereza. Mjapani hakuwa hivyo, hakutawala hata kijiji kimoja Afrika, na bado alivuna.

Mkutano wa Berlin wa mwaka 1885 uliweka eneo kubwa la biashara huru lililoitwa Bonde la Kongo, na eneo hilo lilinyooshwa mpaka Bahari ya Hindi. Mwaka 1919 mataifa makubwa yalitiliana saini Saint-Germain, Ufaransa, kuendeleza usawa wa biashara katika eneo hilo, na Japani ilikuwa mmoja wa watia saini. Kwa hiyo Uingereza haikuweza kuzipendelea bidhaa zake kwa ushuru katika makoloni yake yenyewe ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida za Afrika Mashariki. Wanunuzi wa Kijapani walichukua pamba ya Uganda, na viwanda vyao vikarudisha nguo za bei nafuu. Ilipofika miaka ya 1930 nguo za Kijapani zilikuwa zimezishinda za Lancashire katika maduka ya Kenya na Uganda. Mwaka 1934 Uingereza iliweka mipaka ya kiasi cha nguo za Japani katika makoloni yake mengi, lakini Afrika Mashariki ikabaki nje ya amri hiyo kwa sababu ya mkataba ule. Mwingereza akalipa askari na maafisa, Mjapani akauza nguo, na mwenye duka Mhindi akapata faida yake kwa kuziuza. Na tuwe waadilifu: mkulima maskini naye alinufaika, kwani wakati wa dhiki ile ya miaka ya 1930 aliweza kuwavisha watoto wake.

MWENYE DUKA ASIYE NA SAUTI

Watu wengi humwona mfanyabiashara wa Kihindi kama mshirika kamili wa mkoloni. Ukweli una pande mbili. Nyanda za juu za Kenya zilizo na rutuba zilihifadhiwa kwa Wazungu, na Mhindi hata akiwa na fedha hakuruhusiwa kulima huko. Tamko la serikali ya Uingereza la mwaka 1923 lilikataa madai ya Wahindi ya usawa na walowezi. Aliruhusiwa kuchuma lakini si kuamua.

Na Mwafrika alikuwa chini ya wote wawili. Leseni ilimpita na mkopo ulimpita. Katika Kenya sheria yenyewe iliweka vikwazo kwa mtu kumkopesha Mwafrika. Hakuzuiwa kwa sababu hakujua biashara, maana babu zake walikuwa wakibadilishana chumvi, samaki na majembe kabla ya reli. Alizuiwa kwa mpangilio.

Mpangilio huo ulianza kutikisika baada ya vita. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Uganda mwaka 1946. Aprili 1949 zilitokea ghasia Buganda, na moja ya madai ilikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Katika miaka ya 1950 vyama vya ushirika vilianza kupata viwanda. Januari 1960 watu wa Bukedi waliinuka katika ghasia kubwa, na mara hii hasira iliwaelekea machifu na makadirio ya kodi. Waliijua vyema sehemu ya serikali katika taabu yao.

TORORO, AGOSTI 1972

Uhuru wa Uganda ulikuja mwaka 1962, na viwanda na biashara kubwa bado zilikuwa mikononi mwa wale wale. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin, akizungumza na wanajeshi katika kambi ya Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza hawatakiwi tena nchini. Muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wakiwemo wengi ambao uraia wao wa Uganda ulikataliwa kwa kisingizio cha karatasi. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine Canada, India na kwingineko.

Tuliseme waziwazi. Miongoni mwa waliotolewa walikuwamo Waismailia, Mabohora, Waithnaasheri na Wasunni, watu waliojenga misikiti na madrasa tunazosalia na kusomea hadi leo. Mtawala aliyewatoa aliitwa Alhaji. Maduka yao yaligawiwa, mengi kwa wanajeshi na watu wa karibu na serikali. Mkulima wa Bukedi, ambaye kwa jina lake jambo hili lilisemwa kufanyika, hakurudishiwa hata ratili moja ya pamba aliyopunjwa baba yake. Na Mwingereza aliyetunga zile leseni na kanda hakudaiwa kitu.

Rafu zikawa tupu. Sukari, sabuni na chumvi vikawa vya kutafutwa kwa magendo, na kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kwenda Kenya. Busia ikachangamka kwa dhiki ya wengine. Mwaka 1976 Amin alifufua hata ile habari ya mwaka 1902 na kudai sehemu ya magharibi ya Kenya, kisha akanywea. Vijana wa Busia wakawa wanawapakia abiria kwa baiskeli kuwavusha sehemu iliyo baina ya vituo viwili, wakiita "boda, boda", na neno hilo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima. Wenye maduka waliofukuzwa walianza kuitwa warudi na kudai mali zao, kwa sheria ya mwaka 1982 na zaidi katika miaka ya 1990. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi Busia, na leo msafiri huhudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja.

TUNAJIFUNZA NINI

Wapo wanaosema wageni hawa walikuwa wanyonyaji tu, na wapo wanaosema walijenga nchi na hawana lawama. Kauli zote mbili ni za uvivu. Dini yetu haimlaumu mtu kwa kufunga safari ya mbali na kupata faida. Inachokataza ni kupunja vipimo na kuitumia shida ya mtu aliyefungiwa milango mingine yote. Hukumu hii ni ya kila mauzo na kila mizani, haiwezi kutolewa kwa kabila zima kwa siku moja mbele ya wanajeshi.

Somo la pili ni kwa mfanyabiashara. Faida inayosimama juu ya leseni ya mtawala dhalimu ina mwenye nyumba, na mwenye nyumba akihama mpangaji hubaki na madeni yote. Wenye maduka wa Tororo walilipa deni lao pamoja na la Mwingereza.

Na somo la tatu ni la leo. Bado kuna mpaka, bado kuna leseni, na bado yuko mama anayeleta nyanya na samaki Busia asiyejua haki yake katika forodha. Wanunuzi wakubwa wa sasa wanatoka nchi nyingi, na baadhi yao ni sisi wenyewe. Tuangalie ni nani anayeishika mizani.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini hasira ya mkulima ilimwelekea mwenye duka kuliko serikali?
2. Japani ilifaidikaje katika makoloni ya Uingereza bila kuwa na koloni hapa?
3. Je, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulimrudishia mkulima haki yake? Toa sababu.
4. Waulizeni babu na bibi: duka la kwanza wanalolikumbuka lilikuwa la nani, na liliuza nini?

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa waadilifu katika kuuza na kununua, na katika kusimulia. Wabillahi tawfiq.